Miezi 20 bila tela

Mtu wa kwanza kuniuliza habari za ajali yangu hakutaka hata kujua jina langu. Nilikuwa nimesimama kwenye geti la kampuni moja ya usafirishaji kule Kampemba, saa moja asubuhi, bahasha ya karatasi kwapani. Mlinzi alinitazama, akageuka, akanitazama tena, halafu akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: "Papa, njo weye ulianguka na kamiyo kule Likasi?"

"Njo miye," nikamjibu.

Akafungua geti, hakuongeza neno. Ndani, kijana wa ofisi alipokea bahasha yangu, akazihesabu karatasi bila kuzisoma, akasema nafasi zimejaa, nirudi mwezi ujao. Nilipotoka, tangazo la kutafuta madereva 4 wa tela lilikuwa bado ukutani na gundi yake haijakauka.

Naandika haya kwa ajili ya kijana mmoja wa mtaani kwetu Katuba. Aliangusha gari mwezi uliopita. Alikuja jioni akakaa barazani kwangu zaidi ya saa nzima, anaangalia viatu vyake. Nilijaribu kumweleza, maneno yakanipotea, nikamwambia nitamwandikia. Kwa hiyo mdogo wangu, haya ni yako. Wengine wakisoma, vizuri pia, maana barabarani tuko wengi.

Ilikuwa Agosti 2021, kiangazi, vumbi la barabara ya Kolwezi halitui chini tangu alfajiri. Nilikuwa nimepakia katodi. Kwa asiyezijua, ni mabamba ya shaba safi, upana wake kama mita moja, yanapangwa moja juu ya jingine na kufungwa kwa mikanda ya chuma. Furushi moja linapita tani 2. Nyuma yangu kulikuwa na tani 30. Njia ni ile ya kila siku: Kolwezi, Fungurume, Likasi, Lubumbashi, halafu Kasumbalesa mpakani na Zambia. Kolwezi hadi Lubumbashi ni kama kilomita 300, na nilikuwa nimezipita mara nyingi kiasi cha kujua ni kijiji gani mbuzi wake hulala barabarani.

Ajali yangu ilianza uani Kolwezi, saa kumi na mbili asubuhi, juu ya karatasi. Kabla ya kutoka, dereva anajaza fishi, karatasi ya ukaguzi wa gari: taa, matairi, mikanda ya mzigo, breki. Tangu siku mbili nilikuwa nasikia tela halishiki sawasawa. Ukikanyaga, kichwa cha gari kinapungua mwendo, tela linakusukuma mgongoni. Nikamwambia msimamizi wa uani. Akajibu kwamba fundi yuko Lubumbashi, nikifika wataliangalia, na mzigo una tarehe yake mpakani. Nikashika kalamu. Kwenye mstari wa breki nikaandika "nzuri", nikatia sahihi. Kalamu ile naiona hadi leo: ya bluu, haina kifuniko, imefungwa kwa uzi kwenye ubao ili isiibiwe.

Upande wa Likasi kuna mteremko. Niliuingia na gia ya juu kuliko inavyotakiwa, nikategemea mguu. Nikakanyaga na kushikilia, nikakanyaga na kushikilia. Harufu ya breki iliyoungua ilikuja kwanza. Baadaye kidogo pedali ikawa inakwenda na kurudi vizuri kabisa, ila gari halijibu. Mbele yangu watu wa makala walikuwa wanapanda kwa mstari, kila mmoja anasukuma baiskeli yenye magunia matatu au manne, kichwa kimeinama, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mti waliofunga nyuma ya kiti. Watu hawa hutoka mbali sana msituni ili mjini tupate moto wa kupikia bukari, ugali wetu.

Nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo. Kichwa kilipanda kikakwama. Tela likapinduka. Mikanda ya chuma ikakatika kwa mlio kama wa bunduki na mabamba yakamwagika kote. Bamba moja lilichomeka udongoni likasimama wima, jua likalipiga, likawa linawaka kama mlango wa nyumba ya rangi nyekundu. Baiskeli ya mwisho katika ule mstari ilikuwa chini, na mwenyewe chini yake. Mguu wake wa kushoto ulivunjika chini ya goti.

Nitasema na hili pia. Nilikimbia. Kila dereva anajua anachoweza kufanyiwa na watu wenye hasira kando ya barabara, na boyi-shofere wangu, yaani utingo, alikuwa ananivuta mkono. Nilikwenda hatua kama hamsini majanini, halafu nikasikia yule bwana anaita mama yake. Mtu mzima, mwenye mvi. Nikarudi. Nilipigwa makofi na mateke, hadi mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo aliposimama katikati akasema tumbebe kwanza mgonjwa. Tulimbeba kwenye turubai langu.

Siku 9 nilikaa kasho, yaani mahabusu. Mahakama ilinipa kosa la kujeruhi bila kukusudia, kifungo cha miezi 3 kilichosimamishwa, na faini. Kampuni ikanifukuza kabla hata sijatoka. Hayo yote yalipita haraka. Kilichochukua muda ni yaliyofuata, miezi 20.

Sijawahi kuona bosi wa magari hapa Lubumbashi akifungua kompyuta kutafuta ajali za dereva. Anachukua simu. Mkuu wa magari, ambaye sisi tunamwita shefu sharwa, anawajua mashefu sharwa wenzake. Walifanya kazi pamoja, wanakunywa pamoja, mtoto wa huyu amebatizwa na yule. Na hata asipopiga simu, parkingi inaongea. Foleni ya Kasumbalesa inaweza kukuweka siku kadhaa, na madereva wakikaa siku kadhaa chini ya tela wanapika, wanalala na wanasimulia. Ajali yangu ilisimuliwa mpaka ikabadilika sura. Nilikutana na Mtanzania mmoja aliyeniambia, bila kujua anaongea na nani, kwamba kuna jamaa wa Lubumbashi aliua watu sita Likasi akiwa amelewa. Sikuwa nimelewa. Hakuna aliyekufa. Alikuwa mtu mwema tu, ananipa chai yake, na anachosimulia ndicho alichosimuliwa.

Kosa langu la kwanza la kutafuta kazi lilikuwa kunyamaza. Kampuni ya pili niliyokwenda sikutaja kitu. Nikaandika kwamba niliacha kazi mwaka 2021 kwa sababu za familia. Nikafanya jaribio la usukani, nikarudi nyuma na tela kwenye nafasi nyembamba mara moja tu bila kurekebisha, shefu sharwa mwenyewe akanipiga bega. Akaniambia nilete picha mbili na cheti cha daktari. Kesho yake nilifika na picha zangu. Alikuwa ameshika simu mkononi. "Papa, juu ya nini ulinibongopea?" aliniuliza. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, na hilo liliniuma zaidi. Akasema ajali angeweza kuizungumza na tajiri wake, lakini uongo hana pa kuupeleka.

Basi nikaanza kusema ukweli, nikagundua kwamba karatasi yangu ilikuwa inausema vibaya kabla yangu. Kampuni ya zamani iliponiachisha ilinipa cheti cha kazi. Chini ya tarehe za kuanza na kumaliza walikuwa wameongeza mstari mmoja: kwamba nimefukuzwa kwa kosa zito baada ya kusababisha ajali. Mimi niliona ni kawaida. Niliibeba karatasi ile karibu mwaka mzima, nikaipeleka mwenyewe kwa mikono yangu mlango hadi mlango.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu aliyewahi kuwa mjumbe wa wafanyakazi kwenye kiwanda. Alikuja kuazima nyundo, akaiona karatasi mezani, akaisoma amesimama. Akaenda kwake akarudi na kijitabu kilichochakaa cha Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002. Kifungu cha 79. Mkataba ukiisha, kwa sababu yoyote ile, mwajiri analazimika kumpa mfanyakazi cheti kinachosema aina ya kazi aliyofanya, muda alioifanya, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba yake ya mfuko wa pensheni. Na baada ya hapo sheria inaweka nukta: hakuna maneno mengine yanayoruhusiwa kuongezwa. Alinisomea mara mbili kwa Kifaransa, mara ya tatu akanitafsiria.

Nilikwenda kwa mkaguzi wa kazi na nakala ya cheti. Haikuwa siku moja. Nilirudi mara tano, mara nyingine ninayemtafuta hayupo, mara nyingine umeme hakuna. Lakini barua iliandikwa, ikapelekwa, na baada ya wiki chache nikaitwa kuchukua cheti kipya chenye mistari minne na muhuri. Ajali haikufutika kwa hilo. Kwenye rekodi yangu ya mahakama ipo na nikiulizwa nasema. Tofauti yake ni kwamba sasa ninaisema mimi, kuanzia mwanzo wake, badala ya kusomwa na kijana wa ofisi kwenye mstari mmoja kabla sijakaa. Mdogo wangu, kesho asubuhi angalia cheti chako.

Muda wote huo tulikula nini? Mama watoto alikuwa na meza yake ya kapenta, wale dagaa, na chumvi kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na kwa kweli yeye ndiye aliyetulisha. Mimi nilipata lori la mchanga la jamaa mmoja, safari za hapa hapa mjini, dola 5 kwa siku ile gari linapotembea, na lilikuwa linatembea siku tatu kwa wiki. Sikuona aibu kulibeba koleo. Aibu niliiona jioni moja niliposimama kwenye barabara ya Kasumbalesa, tela za shaba zinapita moja baada ya nyingine, na mwanangu mdogo akaniuliza gari langu ni lipi.

Watu wa makala sikuwaacha. Nilirudi kijijini kwa yule bwana mara ya kwanza mwezi wa tatu baada ya ajali, na mfuko wa unga wa kilo 25 na mafuta lita 5. Nilikwenda na mjomba wangu kwa sababu niliogopa. Mke wake alichukua unga, akaingia ndani, hakutoka tena. Yeye tulikaa naye chini ya mwembe. Tulikubaliana nitamsaidia kiasi fulani kila mwisho wa mwezi, na kwa dola 5 zangu ilikuwa ngumu, nyingine nilichelewa. Nilipomaliza, akaniambia nilete kalamu. Hajui kuandika. Mtoto wake wa shule aliandika kwenye ukurasa wa daftari la hesabu, wenye vile vimraba, kwamba dereva amerudi, ameleta alichosema, na hawana kesi naye. Yeye akabonyeza kidole gumba kwenye wino. Sikumwomba karatasi ile. Niliiweka kwenye plastiki pamoja na permi, leseni yangu ya udereva.

Na sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike, maana najua utakutana nalo. Ukiwa na ajali mgongoni, milango mizuri inafungwa na milango fulani inafunguka haraka ajabu. Kuna matajiri ambao hawakuulizi kitu. Wanakuuliza kama unaweza kuondoka leo jioni.

Mmoja alinipata mwanzoni mwa 2022. Alitaka dereva wa tenki la asidi. Asidi ya salfuriki inatumika migodini kuyeyusha shaba kutoka kwenye mawe, kwa hiyo magari yake ni mengi kwenye barabara ile. Malipo yalikuwa mazuri kuliko yoyote niliyowahi kupata. Ajali yangu aliifahamu, akapunga mkono tu kama anafukuza nzi. Nilifika uani kwake. Matairi ya tenki lile yalikuwa yamelika hadi nyuzi zinaonekana, na hose moja ya upepo ilikuwa imefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli.

Nilikumbuka Kabwe. Nani kwenye barabara yetu asiyekumbuka? Februari 2019, lori la asidi liligongana na basi kwenye kijiji cha Kabwe, njia ya Kolwezi, asidi ikamwagika juu ya watu. Walikufa karibu 20. Wapo waliokufa kwa sababu walishindwa kutoka ndani ya basi. Nilipita pale siku chache baadaye na mzigo wangu. Siwezi kuandika zaidi.

Nilimwambia yule tajiri hapana, nikatembea kwa mguu hadi Katuba kwa sababu nauli nilikuwa nimeimaliza asubuhi. Nikiwa njiani ndipo nilipoelewa jinsi inavyotokea. Dereva aliyeanguka mara moja anakataliwa na wenye magari mazima. Watoto wanalia njaa. Anachukuliwa na mwenye gari bovu, kwa sababu asiyeuliza habari za dereva huwa haulizi habari za breki. Anaanguka mara ya pili. Wote parkingini wanasema, "Tuliwaambia, yule ana mkosi." Nawajua wawili waliozikwa hivyo. Kwa hiyo mdogo wangu, mtu anayekuhoji mpaka unatoka jasho, huyo ndiye wa kumsubiri. Anayekupa funguo papo hapo, muulize kwanza dereva aliyemtangulia yuko wapi.

Ukaidi wa kusubiri unahitaji kitu cha kufanya. Mimi nilikwenda kukaa na fundi wa breki pembeni ya barabara ya Likasi. Niliendesha tela miaka 11 bila kuingia chini yake zaidi ya kubadilisha tairi. Kwake nililala chini ya magari, juu ya katoni, miezi karibu minne, siku zile ambazo lori la mchanga halikutembea. Hakunilipa na mimi sikumlipa.

Alinifundisha hivi. Kila gurudumu la tela lina chemba ya upepo, na kwenye chemba kuna kifimbo cha chuma kinachotoka ukikanyaga pedali. Kifimbo kinasukuma mkono, mkono unazungusha chuma ambacho kinasukuma garnitiri, zile bitana za breki, zibane ngoma kwa ndani. Chukua chaki. Gari likiwa limesimama kwenye tambarare, magogo yamewekwa nyuma na mbele ya matairi, breki ya mkono imeachiwa na upepo umejaa, chora alama kwenye kifimbo pale kinapotokea kwenye chemba. Mwambie mwenzako akanyage na kushikilia. Pima alama imesogea kiasi gani. Kikitoka kidogo, breki imekaa sawa. Kikitoka kirefu hadi karibu na mwisho wake, garnitiri zimelika au mkono haujarekebishwa, na gurudumu hilo lina breki ya jina tu.

Halafu akanieleza mteremko wangu, bila kujua ni wangu. Ngoma ikipata moto inatanuka. Ikitanuka inazikimbia garnitiri, kwa hiyo kifimbo kinalazimika kutoka kirefu zaidi kuifuata. Kama tangu asubuhi kilikuwa tayari kinatoka kirefu, kinafika mwisho wake na ngoma bado haijabanwa. Upepo upo, pedali ipo, breki haipo. Nilikuwa nimelala chali, grisi inanidondokea shingoni. Nikaona kila kitu: pedali inayokwenda na kurudi vizuri, tela linalonisukuma, ile kalamu ya bluu. Nilimwomba fundi anipishe nikatoka nje nikakaa peke yangu.

Machi 2023 nilipelekwa na mtu wa kanisani kwetu kwa kampuni ndogo yenye magari 7. Shefu sharwa wake ni mzee aliyeendesha magari ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, enzi zile, mtu wa maneno machache, kofia ya sufu hata wakati wa joto. Nilimwekea karatasi zote mezani: permi, cheti kipya, hukumu, na ule ukurasa wa daftari. Nikamwambia, "Papa, niko na ajali. Naomba nikuelezee mwenyewe."

"Anza na asubuhi yake," akasema. "Mteremko nitakuuliza baadaye."

Katika miezi yote ile hakuna aliyekuwa ameniuliza asubuhi yake. Nilimweleza tela linalosukuma, msimamizi, fishi, neno "nzuri" na sahihi yangu. Nilimwambia kwamba hakimu alinihukumu kwa mteremko, lakini mimi ninajihukumu kwa kalamu. Mzee alikaa kimya. Akachukua ule ukurasa wenye kidole gumba.

"Mguu gani?"

"Wa kushoto, chini ya goti."

"Anatembea?"

"Anatembea na fimbo, Papa. Baiskeli ya makala hawezi tena. Anauza mafuta ya taa na vocha mbele ya nyumba."

Akanipeleka uani kwa jaribio. Gari lilikuwa jeupe, tela limefungwa tayari, vijana wawili wamekaa kivulini wanangoja kuona. Nilizunguka. Nilipima chaki yangu magurudumu yote ya tela, kijana mmoja akanikanyagia pedali huku akilalamika kwamba jua linamuunguza. Gurudumu la nyuma kulia kifimbo kilitoka kirefu, na kwenye hose ya upepo nilisikia mlio mwembamba kama wa mbu. Nikapaka maji ya sabuni, vikatoka viputo. Nikamrudishia mzee funguo. Nikamwambia gari hili siwezi kulitoa getini leo, hata kwa jaribio.

Vijana wakacheka. Mzee hakucheka, wala hakunisifu. Aliangalia viputo, akaita fundi, akaniambia, "Rudi nyumbani." Ni hayo tu. Nilirudi nikijua nimejinyima kazi kwa mdomo wangu, nikamwambia mama watoto. Akauliza kama kweli kulikuwa na viputo. Nikasema vilikuwepo. Akasema basi, akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo.

Zikapita siku 16. Siku ya 17, saa tatu usiku, simu ikalia. Dereva wao mmoja alikuwa amelazwa na malaria. "Kuya kesho asubui, na permi," mzee akasema, akakata.

Safari ya kwanza ilikuwa chokaa kutoka Likasi kwenda Kolwezi. Nilipewa safari moja, halafu nyingine, halafu mkataba wa majaribio wa miezi 3, halafu mkataba. Mwaka uliopita nikaanza tena Kasumbalesa, na mara nne nimevuka hadi Kitwe na Ndola, kule unapohamia kushoto kwa barabara na mikono inatetemeka nusu saa ya kwanza. Nafasi yangu ni hii kwa sasa. Siyo kampuni kubwa, mshahara si ule wa zamani, na kuna wakati naona zile tela mpya zinapita na moyo unanichoma kidogo. Wale wa parkingini bado wapo wanaonihesabia watu sita. Nimeacha kubishana nao. Nikikaa nao kwenye foleni naanza mimi: "Mimi ndiye wa Likasi, alivunjika mtu mmoja mguu, kosa lilikuwa hivi." Wanatega masikio. Wengine baadaye wanakuja pembeni, wananiuliza juu ya tela zao.

Juzi nilikuwa narudi na katodi, tani 30 kama siku ile. Juu ya mteremko nilisimama. Boyi-shofere wangu ni kijana mpya, miaka 19, akaniuliza kuna nini. Malori mawili yalitupita yakipiga honi. Nilishuka, nikazunguka tela lote, nikisogeza kiganja karibu na kila ngoma kusikia joto. Chini watu wa makala walikuwa wanapanda, mstari mrefu, baiskeli zimeinama. Nikarudi kabini, nikaweka gia ya tatu, breki ya injini ikaanza kunguruma, tukashuka nao wakitupita mmoja mmoja dirishani, karibu kiasi cha kuona jasho kwenye nyusi zao. Mguu wangu niliugusa kwenye pedali mara mbili tu.

Tulipofika tambarare kijana akaniuliza tena. Nikampa kipande cha chaki, nikamwambia tukifika Lubumbashi ataingia chini yeye, mimi nitakanyaga.

Kipande kingine kiko mezani kwangu, mdogo wangu, karibu na redio. Kesho sina safari. Pita jioni ukichukue, na ulete kile cheti tukisome pamoja.